Aliyempigia Mama kwa Laini Yangu

Mwenye kutaka kucheka na acheke, sina haja ya kumtungia mtu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Gazi, na mama yangu yu hai. Nendeni mkamuulize.

Nilikuwa Muscat nikifanya kazi za ndani. Simu yangu niliisahau kwenye teksi, na laini ya nyumbani ikaenda nayo. Utasema, si ungeazima simu ukampigia mama? Kwa namba ipi? Mimi ni mwanawe wa pekee, na miaka yote hiyo nilibonyeza tu jina "Mama". Kichwani sikuwa na hata tarakimu mbili za namba yake. Za majirani ndiyo usiseme. Na laini yenyewe isingerudishwa mpaka nifike Kenya na kitambulisho changu mkononi. Miezi minne nililala nikimlilia mtu ambaye hajafa.

Mkataba ulipokwisha nikarudi bila taarifa. Nilifika alasiri, nikamkuta mama barazani anachambua mchicha. Nilitarajia kilio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama? Nimeshakuwekea chai, maana jana uliniambia utafika saa kumi."

"Jana nilikuambia wapi?"

"Kwenye simu. Si hunipigia kila siku baada ya Magharibi? Au safari imekuchosha?"

Nikadhani ni uzee. Nikachukua simu yake nikatazama. Jina langu limejipanga juu hadi chini, kila jioni simu moja, miezi yote minne.

Jua likatua. Mama akiwa kwenye mswala, simu ikalia. Jina langu tena. Nikapokea nisiseme neno.

"Umeshafika?" ikauliza sauti, na ilikuwa yangu, hata kile kikohozi changu kidogo cha kuanzia maneno. "Haya, mpe mama."

Nilimpa. Mnaniuliza kwa nini? Hata mimi najiuliza. Nilikaa jikoni nikimsikiliza mama akicheka, akisimulia kuku wake na maumivu ya goti. Alipokata nikamuuliza alikuwa akizungumza na nani. "Na wewe," akasema. Kisha akanitazama, akaitazama na simu.

Asubuhi nikaenda Ukunda kurudisha laini. Mwenye duka, mama mmoja wa bara, akataka kitambulisho pamoja na namba tatu ninazozipigia sana. Nilikuwa na moja tu, ya mama, nimeiandika kiganjani. Akapiga simu kwa wakubwa wake akanibembelezea, wakakubali.

"Lakini sista," akaniambia, "hii line imelala. Hakuna call imetoka tangu upoteze simu."

Laini ikarudi kwenye simu mpya. Nikafurahi, nikajua yule nimemkata. Na kweli, jioni ile simu ya mama haikulia, wala kesho yake. Mama alikaa nayo mapajani hadi Isha. Nilikaa kando yake nikimpa habari za Muscat, akawa ananiitikia kwa adabu, kama mtu na mgeni wake. Siku ya nne akaniuliza polepole, "Mwanangu umemfanya nini?"

Niliumia, siwafichi. Nimevuka bahari kumrudia, naye anamtaka mwingine! Nilifanyaje? Kesho yake Magharibi nikatoka nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, nikampigia. "Shikamoo mama." Hapo ndipo alipocheka. Akanieleza la goti na la kuku, mambo ambayo tukikaa ana kwa ana hanipi. Basi mpaka leo tunaishi hivyo, nyumba moja, kwa simu. Kazi ya nje nimeiacha, na bado namkosa mama yangu kila siku.

Juzi nilichelewa kidogo kutoka. Nilipopiga, nikaambiwa namba inatumika. Nikasogea dirishani nikasikiliza. Mama alikuwa anacheka.

Nyinyi mlio mbali, shikeni namba za mama zenu kichwani, na muwapigie. Msipowapigia nyinyi, yupo atakayewapigia.