Orodha ya Maji Niliyoipanga kwa Alfabeti

Mkuu wangu wa kazi alipenda alfabeti kuliko chakula. Faili zake, barua zake, hata funguo zilizoning'inia ukutani, vyote vilifuata A, B, C. Kwa hiyo Ijumaa ile alipoitupa mezani kwangu orodha ya zamu za maji na kusema haina kichwa wala miguu, nilijua anachotaka. Alitaka kumpata mtu bila kutafuta. Nikamwambia nitaipanga kabla hajamaliza chai yake, na nilisema hivyo kwa maringo, maana katika ofisi yetu pale Same mimi ndiye pekee niliyejua kuiamuru kompyuta.

Ilikuwa miaka ya kufunga mkanda. Maduka yalikuwa yamejaa tena, mitumba imetandazwa hadi ukingoni mwa barabara kuu, sabuni za kila rangi, redio za kila ukubwa, na sisi tunapita tukitazama tu. Shamba la mkonge kule tambarare lilikuwa limeuzwa, na wanaume waliokuwa wakilifanyia kazi wamerudi milimani na masanduku yao kulima vile vipande walivyowaachia wake zao. Mradi wetu ulihusika na umwagiliaji. Wafadhili walikwisha kuondoka, wakatuachia kompyuta moja na kitabu kisicho na jalada. Mimi niliajiriwa kupiga chapa, lakini kile kitabu nilikisoma mpaka nikajifunza kuandika makro, yaani maagizo ambayo jedwali la kompyuta linayafuata lenyewe, mstari kwa mstari.

Makro yangu ya kupanga majina ilikuwa ya kijinga lakini ilifanya kazi. Ililichukua jina la kwanza, ikalilinganisha na la chini yake, na kama la chini lilistahili kutangulia, ikayabadilishana nafasi. Halafu ikasogea chini, ikafika mwisho, ikarudi juu kuanza upya mpaka pasiwe na cha kubadilisha. Nilipoiandika, kilichonitesa wiki nzima ni huko kubadilishana. Ukiwa na ndoo mbili, moja ya maziwa na moja ya maji, huwezi kuyabadilisha bila ndoo ya tatu, na mimi nilikuwa nikiyamwaga maziwa kila siku. Wajuzi huichukua orodha yote wakaipanga ndani ya kumbukumbu ya mashine na kuirudisha mara moja. Mimi sikulijua hilo. Yangu ilipangwa palepale kwenye kioo, na mashine ilivyokuwa nzito, ungeweza kuyaona majina yakipanda na kushuka.

Basi nikaipanga orodha kwa alfabeti, nikaihifadhi juu ya ile ya zamani, nikaichapa. Mkuu akapiga muhuri huku akitabasamu. Jumamosi ikapanda mlimani na lori lililokuwa likienda kuchukua tangawizi.

Jumatatu saa mbili asubuhi msimamizi wa ndiva akaingia ofisini bila kubisha hodi. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri, na huyu bwana ndiye aliyeshika ufunguo. Alikuwa mtu wa makamo, mmoja wa wale waliopunguzwa kwenye mkonge, mkali hata akiwa na furaha. Siku hiyo hakuwa na furaha. Aliiweka karatasi yangu mezani na kuuliza ni nani aliyeiandika.

Nikasema ni mimi.

"Binti," akasema, "umembeba mama yako mdogo, na maji ya watu wote umeyamwaga."

Nilikasirika kabla ya kuelewa. Kisha nikaitazama karatasi, nikaelewa, na hasira ikageuka woga. Jina la mama yangu mdogo linaanza na A. Lilikuwa la kwanza.

Mfereji ule ulikuwa na mashamba ishirini na mawili. Maji yalikwenda kwa watu wawili kila siku, kuanzia shamba lililo karibu na ndiva hadi la mwisho kabisa kule chini. Hapakuwa na suala la umri wala heshima. Mfereji mkavu hunywa maji. Ukianzia juu, kila siku maji yanapita penye udongo uliokwisha kulowana, na yanayopotea ni kidogo. Ukiyapeleka mwisho siku ya kwanza, kesho uyarudishe katikati na keshokutwa juu, mfereji unakunywa sehemu ya kila mtu. Orodha ya zamani haikuwa na namba yoyote. Nafasi ya jina ndiyo iliyokuwa namba yake, na mimi nilikuwa nimezivuruga nafasi zote nikaiita kazi safi.

Mama mdogo alikuwa wa ishirini na mbili. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele bila tone la mvua.

Ndiva ingefunguliwa Jumanne alfajiri. Mwaka uliotangulia watu walipigana kwa majembe kwa ajili ya maji, na tangu hapo mlango ulitiwa kufuli na msimamizi akaagizwa asifungue ila kwa orodha yenye muhuri. Orodha yenye muhuri ilikuwa hiyo yangu. Tukaitafuta ile ya mkono ambayo mkuu alinitupia na nikainakili, tukakuta karatasi zake ziligeuzwa upande wa pili zikachapwa barua, kwa sababu karatasi zilikuwa haba, na barua zilikwisha kwenda Moshi. Nikamwomba msimamizi anitajie watu kwa zamu. Akataja saba, akaruka, akarudi, akanikasirikia mimi.

"Hapa naona ukuta," akasema. "Siwezi kuwataja watu nikiwa naona ukuta."

Mkuu, bila kunitazama, alisema aliyeharibu ndiye atakayetengeneza, akatupatia pikapu ya mradi. Umeme ulikuwa wa mgawo na siku hiyo ungekatika saa kumi jioni. Tukapanda.

Mfereji tuliuanza mlangoni mwa ndiva. Yeye mbele, mimi nyuma na karatasi. Kila tulipofika shamba jipya alitaja jina bila hata kusita, nami nikalitafuta na kuliandikia namba pembeni. Watu walitoka kututazama. Hawakunitukana, na ningependa wangenitukana. Katika shamba la sita mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisimama kati ya mahindi yaliyojikunja majani, akanitazama mpaka nikapita. Nilisikia mtu akimwambia mwenzake kwamba ndiye huyu, wa kwake wamepewa kwanza.

Shamba la mwisho tulilifikia jua likiwa la utosini. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuusafisha mfereji wake, magugu yamerundikwa kando, kingo zimepigwa jembe vizuri. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akayafuta matope mikononi kwa khanga na kunishika mikono yote miwili.

"Nimeliona jina langu juu," akasema. "Ahsante, mwanangu. Sikujua kama unanikumbuka."

Msimamizi alitazama pembeni. Mahindi yale yasingeweza kungoja siku kumi na moja, mtu yeyote angeyaona. Nikaandika ishirini na mbili kando ya jina lake, mbele ya macho yake, nikijua hataisoma kutoka upande wake, nikasema tunawahi umeme. Nilijiambia hapakuwa na muda wa kueleza. Ulikuwepo. Niliogopa uso wake.

Saa tisa na nusu nilikuwa mbele ya mashine. Nikaingiza namba katika safu mpya, nikairekebisha makro ilinganishe namba badala ya majina, na ihamishe namba na jina pamoja. Nikakosea mara moja, nikarudia. Kisha nikaiachia ifanye kazi.

Jina la mama mdogo lilikuwa juu kabisa likiwa na namba kubwa kuliko zote. Maana yake kila likilinganishwa na la chini yake, linashindwa na kushuka ngazi moja. Mengine yalisogea kidogo tu. Lake ndilo lililokuwa linashuka, moja, nyingine, nyingine, na mimi nalitazama. Kulikuwa na kitufe cha kuisimamisha makro na kidole changu kilikuwa juu yake. Dakika ishirini tu za kuzubaa, umeme ungekatika, orodha ya alfabeti ingebaki, na Jumanne alfajiri maji yangekwenda kwake. Nani angenilaumu kwa mgawo wa umeme?

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi. Hakuwahi kuiona kompyuta ikifanya kazi, lakini jina lile alilijua.

"Anashuka," akasema kwa sauti ndogo.

Sikukibonyeza. Ningependa kusema ni kwa ajili ya yule mwanamke wa shamba la sita, na kweli nilimfikiria, lakini zaidi nilikuwa nimeganda. Jina likafika mwisho likatulia. Mengine yakamaliza kujipanga. Nikachapa, mkuu akapiga muhuri, msimamizi akaikunja karatasi ndani ya kofia yake na kwenda kutafuta gari la kumrudisha mlimani. Umeme ulikatika nikiwa bado nimekaa palepale.

Tangu siku hiyo sijaigusa orodha ya mtu yeyote kabla ya kuitilia safu ya namba, moja hadi mwisho, kama ilivyonijia. Vijana niliokuja kufanya nao kazi baadaye hunicheka, kwamba siku hizi mashine inarudisha nyuma kila kitu. Nawaacha wacheke.

Mwaka ule mama mdogo alivuna mistari miwili tu, ile iliyokuwa kando ya mfereji. Nilikwenda kumwona baada ya mavuno ya watu wengine, nikiwa na sukari na hotuba niliyoiandaa kuanzia Same mpaka mlangoni kwake: nimekosea, nisamehe, orodha ingewaumiza wote. Alinipokea vizuri. Alisonga ugali wa unga wa njano wa msaada, akaniwekea na mchicha, akaketi. Nikaanza kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ni wa mwisho tangu nilipoolewa hapa," akasema. "Hilo nalijua, sihitaji karatasi. Lakini ulisimama pale shambani na kalamu yako, ukaniacha nikushukuru."

Akanisogezea maji ya kunawa. Nikanawa, nikala.