Pikipiki Mbili na Safari ya Kibaigwa

Mama yangu na magari hawapatani. Akipanda basi pale Kondoa, kabla dereva hajabadilisha gia vizuri ameshaomba mfuko. Tumejaribu limau, tangawizi, dawa za duka, kiti cha mbele, kufumba macho, kufumbua macho. Mara ya mwisho alipokuja kwangu Dodoma alifika amelegea kama mboga iliyochemka. Alipopata nguvu akatangaza kwamba hatapanda tena chombo chenye milango. Na mama akishatangaza jambo, limetangazwa.

Tatizo ni kwamba dada yake, mama yangu mkubwa, anaishi Kibaigwa. Aliolewa huko na mfanyabiashara wa mahindi, na sasa miguu yake haimtoi nje ya ua. Yeye ndiye aliyemlea mama baada ya bibi kufariki, na katika watoto wote wa tumbo lile wamebaki wao wawili tu. Kila Ijumaa baada ya sala huongea kwa simu, na kila simu ilikuwa inaishia palepale: dada mtu anasema njoo wewe, mimi siwezi tena, na mama anajibu inshallah. Mwaka jana nikaanza kuisikia ile inshallah ikipungua nguvu. Niliogopa, sitaficha. Niliona kabisa kwamba mmoja wao anaweza kutangulia kabla hawajaonana, na mimi mwenye akili zangu nitakaa msibani nikisema eti gari lilikuwa linamtapisha.

Sasa, kuna kitu kilikuwa kinanishangaza siku zote. Mama huyohuyo hupanda bodaboda kutoka nyumbani Busi kwenda gulioni, barabara yenyewe ni vumbi na makorongo matupu, na hatapiki. Tena anashuka anacheka. Ukimuuliza anakwambia upepo ukimpiga usoni tumbo linatulia. Nilimuuliza daktari mmoja ninayefahamiana naye, akanieleza habari za sikio la ndani na macho kutokubaliana. Sikuelewa yote, lakini nilielewa vya kutosha kujua kwamba dawa ya mama ina magurudumu mawili.

Bahati ikawa upande wangu. Jirani yangu wa Dodoma, mtu mzima anayependa pikipiki kubwa kuliko anavyopenda kula, alikuwa anahamishwa kikazi na nafasi ya kuhama nayo ni ya moja tu. Alikuwa nazo mbili. Akaniambia nizijaribu zote, nichague ya kununua, yeye ataondoka na itakayobaki. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na ugonjwa wa kazi hiyo ni kutaka kupima kila kitu. Nilitoa futi yangu mfukoni palepale.

Ya kwanza ilikuwa ya safari ndefu hasa. Kioo cha mbele kipana, masanduku mawili pembeni na jingine nyuma, redio yenye spika, na kiti cha abiria chenye egemeo la mgongo na mahali pa kuegemeza mikono. Mke wangu aliizunguka akasema hiyo si pikipiki, ni sebule. Ya pili ilikuwa nyepesi zaidi, ya kukalia chini, usukani umerudi nyuma kumfuata dereva, miguu inatangulia mbele. Nzuri kwa macho, lakini abiria wake kawekewa kiti kidogo bapa, hana pa kuegemea wala pa kushika ila dereva mwenyewe.

Kwangu mimi shauri lilikuwa limeshakwisha. Mama mzee, safari ndefu, kiti chenye egemeo: kuna la kuuliza hapo? Na niseme ukweli wote, moyo wangu ulikuwa umeshaipenda ile kubwa. Nilishajiona nayo kwenye lami ya Kondoa, redio inaimba, watu wanageuka.

Jumamosi nikaipeleka Busi. Ile lami ilikuwa starehe tupu, na nilipoingia barabara ya vumbi nikaanza kutoa jasho, maana kwenye mchanga uzito ule una maamuzi yake. Nilipofika uani majirani walikuwa wameshajaa. Mama aliikagua kila mahali. Aliuliza masanduku yanabeba nini, redio inasikika vipi mtu akiwa amevaa helmeti, na kwa nini ina taa nyingi kama nyumba ya harusi. Kisha akataka kukaa, na hapo ndipo kipimo changu kilipoonekana kina upungufu.

Kwetu mwanamke wa umri wa mama hukaa upande kwenye pikipiki. Magoti pamoja, kanga imevutwa vizuri, mkono mmoja kwenye kiti, basi. Ndivyo anavyokwenda gulioni, ndivyo anavyokwenda msibani, na kutanua miguu mbele ya wakwe na majirani ni jambo lisilozungumzwa. Nami nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hilo. Kiti kile kilikuwa kimezungushiwa ukuta pande zote. Ilibidi waletwe majirani wawili wa kike, kigoda na kanga ya kuzuia macho ya watu, ndipo mama akapandishwa. Tukaenda hadi shuleni na kurudi. Alikaa wima kama mheshimiwa, akawapungia watu mkono. Kushuka ikawa kazi nyingine: huyu kashika kwapa, yule kashika mguu, mimi nimeshikilia pikipiki isituangukie wote.

Aliisifu sana. Halafu akasema niilete na ile nyingine aione.

Wiki iliyofuata nikaileta. Mama akakipapasa kiti, akageuka, akakaa upande bila kumwita mtu. Tukaenda na kurudi, akashuka, akapangusa vumbi. Akasema hii ndiyo.

Nilibishana naye mchana kutwa. Nikamwambia hana pa kuegemea. Akasema ile kubwa ina vioo vingi, anajiona kila mahali. Nikamwambia vioo vinafunikwa. Akasema redio italeta watu wabaya. Nikamwambia redio inazimwa. Akasema inakula mafuta. Kila sababu niliyoiangusha aliokota nyingine, na mimi nilikuwa nimekasirika kwa namna ambayo mtu mzima hatakiwi kumkasirikia mama yake, kwa sababu niliona anataka kuninyang'anya pikipiki yangu. Lakini hata katika hasira udadisi ulinisumbua. Mama si mtu wa sababu dhaifu. Alikuwa na moja nzuri, ameificha.

Jioni alikaa na ungo, anachagua maharage. Nikakaa karibu naye. Hatimaye akasema bila kuinua uso:

"Ile kubwa nilishushwa."

Nikamwambia kushushwa si kosa, kila mzee hushushwa.

"Dada yangu akiona nashushwa kama mgonjwa, atalia. Atajua tumekwisha wote wawili. Mimi nataka nishuke mwenyewe."

Nikauvuta ungo upande wangu, nikachagua naye. Ile kubwa iliondoka na jirani yangu, na siku inaondoka nilikaa ndani nisiione.

Mimi nilikuwa na sharti langu moja: safari ndefu hiyo hakai upande. Tukafikia mapatano ambayo bado yananichekesha. Alivaa suruali chini ya baibui. Kutoka Busi alikaa upande, akiagana na watu, hadi tulipoipita nyumba ya mwisho. Hapo akanigonga begani, nikasimama, akatazama huku na huku, akapanda kama wanavyopanda vijana. Tulikwenda polepole, tukipumzika kila alipotaka. Tukalala kwangu Dodoma, asubuhi tukaendelea.

Kwa kuwa kiti hakikuwa na egemeo, alinishika kiunoni kwa mikono yote miwili na kuegemeza kifua chake mgongoni kwangu. Upepo wa Dodoma wa msimu ule ni wa baridi na una vumbi, lakini yeye aliuliza maswali njia nzima karibu na sikio langu. Zile nguzo za nini? Nikamwambia za treni ya umeme. Haya mashamba ya zabibu ya nani? Hapa ni wapi? Nikamwambia Buigiri. Hakutapika hata kidogo. Nilifurahi kiasi cha kutaka barabara iongezwe. Sikumbuki mara nyingine, tangu aliponiteremsha mgongoni mwake, ambapo mama alinishika kwa muda mrefu namna ile.

Kabla ya kuingia Kibaigwa akanigonga tena begani. Akashuka, akanawa uso kwa maji ya chupa, akafunga kanga mpya, akakaa upande. Tukapenya kati ya malori ya mahindi, wapakiaji na madalali hadi kwenye ua wa mama mkubwa. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti, uso ameuelekeza barabarani. Nadhani alikuwa hapo tangu alfajiri.

Nilizima injini nikanyoosha mkono nimsaidie mama. Aliutazama ule mkono mpaka nikaurudisha. Akashuka. Alisimama kidogo ameshika kiti, akijitia kurekebisha mtandio, na mimi peke yangu nikajua anangoja magoti yakubali. Kisha akatembea, bila haraka, bila kushika kitu.

Kule Busi wakubwa zake wote wamekwisha. Yeye ndiye anayeamkiwa na kila mtu, na tangu nimekuwa mtu mzima nilikuwa nimemsikia akisema marahaba tu. Alipofika mbele ya kile kiti alikunja magoti, yaleyale, akainamisha kichwa kama msichana.

"Shikamoo, dada."

Mama mkubwa alimtazama kuanzia miguuni hadi usoni, akaitazama na pikipiki, akarudi kwake.

"Marahaba," alisema. "Mbona umechelewa hivyo?"