Niliwaonyesha Mwenyewe

Nilipokuwa mdogo kule Puge, mama alinituma maji kisimani, nami kwa kiu nikaanza kunywa mwenyewe kwa viganja. Maji matamu tu. Kisha baba mdogo akazamisha ndoo yake, ikatoka na panya aliyevimba, manyoya yamemnyonyoka. Nilitapika siku nzima. Mama akasema, "Kijiji kizima kimeyanywa maji hayo, tumbo lako lina maringo gani?" Lakini tangu siku hiyo siamini kitu mpaka nikinuse.

Na kazi niliyokuja kupata Tabora, enzi hizo za Mwingereza, ilikuwa ya ngozi. Kukwangua mafuta, kupaka chumvi, kuwamba juani. Mikono ilizoea, pua ilikataa. Nilikuwa nikila ugali nimegeuzia upepo mgongo, na bado tonge lilinuka ng'ombe.

Basi wakaja wanafunzi watatu, kaptura zimepigwa pasi. Mwalimu wao Mzungu alikuwa amewaazima kamera ya sinema, ile ya kuzungusha ufunguo kama saa, nao walitaka kutengeneza picha ya kutisha: maiti inayofufuka na kuwafuata watu njiani. Walikuwa wakitafuta mahali pa kuipigia. Wakaambiwa mimi nayajua maeneo yote mabaya. Kichwa kilinivimba, sifichi. Niliishia darasa la pili, na hawa wasomi wananiamkia, "Shikamoo, kaka."

Niliwapeleka kwanza kwenye shimo tulilokuwa tukitupa matumbo. Funza wamejaa kama wali unaotokota. Mmoja wao, mwembamba, akatapikia viatu vyake.

"Panafaa?" nikauliza.

"Kaka, kamera hainusi," akasema mkubwa wao, leso puani. "Watu wataona shimo tu. Sisi tunataka mahali penye kifo."

"Na haya matumbo unadhani yametoka harusini?"

Wakacheka, na kicheko chao kikanipalia makaa. Sikutaka waondoke wakiniona sijui kitu. Ndipo nikawatajia rundo la mawe mbele ya kijiji cha Itetemia, kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu. Wakati wa kurudi tumbo lilimshika, wenzake wakashindwa kumbeba, akafia pale, wakamfunika kwa mawe. Kila mtu wa kwetu akipita huongeza jiwe moja. Baba alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kulima. Niliyasimulia yote kwa majivuno, kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

Jumamosi mchana tukaenda. Nikaokota jiwe, nikaliweka. Mkubwa wao akazunguka rundo akichungulia kupitia vidole, kama ndani ya kamera.

"Hapa ndipo," akasema. "Mawe ya upande huu yatoke, mwenzetu alale ndani, mkono wake uchomoze. Tukikuta fuvu, ndiyo bahati."

"Huyo ni babu yangu. Nimewaambia."

"Tutayarudisha mawe yako, kaka. Hata yeye hatajua."

Yule mwembamba, aliyeshindwa na funza, akasema, "Anashika matumbo kila siku, leo anaogopa mawe."

Wa tatu alikuwa ameshajipaka unga usoni, awe maiti. Alikaa juu ya rundo akitafuna muwa, na makapi yake akayatema pale pale, katikati ya mawe, meupe, yana mate. Nimekwangua ngozi zilizooza kwa mvua, lakini sijawahi kuona uchafu kama ule. Nilimchukia yeye na unga wake. Nilijichukia zaidi mimi, maana babu alikuwa amelala pale miaka yote bila kusumbuliwa, mpaka nilipotaka kusifiwa na watoto wa shule.

Ningeweza kuwazuia? Nilikuwa na kisu cha kazi kiunoni. Lakini nyuma yao nilimwona kwa mawazo yule Mzungu wao, na nyuma ya Mzungu polisi, nikakiacha kisu pale pale kiunoni.

"Kaka, tusaidie hili kubwa," mkubwa akaita.

Nikajifunga shuka, nikashika njia ya mjini. Nikasikia jiwe la kwanza likibingirika. Sikugeuka, na njia ile sijaikanyaga tena.