Maneno Yasiyopita kwenye Benchi la Foni

Kuna watu wanaopenda timu ya mpira, wengine wanapenda kwaya yao. Mimi napenda programu moja ya kompyuta, na wala sitanii. Ni programu huria. Waliiandika watu nisiowajua, katika nchi ambazo sitazifikia, wakaiachia dunia bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani: anayetaka asome, anayeweza arekebishe. Kazi yake ni moja. Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza kupitia mtandao, yenyewe huyageuza maneno kuwa fujo tupu kwa kila anayesikiliza njiani, na huyarudisha kuwa maneno kwa yule tu aliyekusudiwa. Programu nyingine huiazima kazi hiyo badala ya kuianza upya, ndiyo maana sisi wa ufundi huo tunaiita maktaba, ingawa haina hata kitabu kimoja. Mama yangu alikuwa akiiita "ile dawa yako", kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua kama dawa yenyewe inaponya.

Naipenda kwa sababu nilikulia mahali ambapo maneno ya watu wawili hayakuwahi kuwa ya watu wawili.

Tulikaa Kapata, mtaa mmoja wa Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni ya mgodi zilizopangwa safu kwa safu. Baba yangu asili yake ni Kasai, ingawa alizaliwa Kolwezi kama mimi. Babu yangu ndiye aliyeletwa kufanya kazi mgodini. Mama ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Kwetu hiyo haikuwa habari, mpaka ilipofika miaka ile ambayo watu wa Kasai waliambiwa na wenyeji wa Katanga warudi kwao. Baba, karani aliyekuwa hajawahi kukanyaga hiyo "kwao", akapanda treni pamoja na nusu ya majirani zetu. Mama akabaki nasi watoto, kwa kuwa nyumba iliyoachwa tupu ilipata mwenyewe mwingine kabla jua halijatua. Ilisemekana ni kwa miezi michache. Kisha kampuni ikaporomoka, mishahara ikakauka, treni ikawa ya kubahatisha, na hiyo miezi michache ikanikuta nimekuwa mwanamke mzima.

Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Tulichokuwa nacho ni foni, yaani redio ya kuitana, katika chumba kimoja karibu na soko: redio mezani, betri ya gari chini ya meza, mwendeshaji mwenye koti, na benchi refu la wanaongoja. Unabonyeza, unasema, ukimaliza unatamka "à vous", yaani zamu yako, na kuachia, ndipo mwenzako wa Mbuji-Mayi, huko Kasai, naye ajibu. Wanasikia wote: benchi lenu, benchi la kule, na yeyote mwenye redio hapo katikati.

Benchi letu halikuwa na adabu hata kidogo. Baba akisema anatusalimu, benchi lote linaitikia. Akiuliza kama mvua imenyesha, kuna mama kule mwisho anajibu kwamba kwake bado. Watu walijaribu kujificha kwa mafumbo. Jirani yetu mmoja alimwita mpenzi wake "mahindi", na haikupita muda mtaa mzima ukawa unamuuliza kama mahindi yamekomaa. Ndivyo ndoa ya wazazi wangu ilivyoishi miaka yote ile, kwa "batoto beko bazima, à vous" na "Mungu asifiwe, à vous". Niliichukia ile à vous.

Halafu akaja mama mmoja mfanyabiashara kutoka Mbuji-Mayi. Alisema amemwona baba kwenye ua wa nyumba anayokaa, na kuna mwanamke alikuwa anampikia. Alisema hivyo tu, akanywa maji, akaenda zake. Mama aliendelea kuchambua maharage kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. Haukupita mwezi, baba akatuita kwenye foni. Treni inapita tena, alisema. Amepata nyumba. Mama aje pamoja na wadogo zangu, mimi mwenye kazi nitafuata. À vous. Benchi likapiga makofi. Mama akashika kile kipaza sauti kwa mikono miwili akasema, "Ntawaza, à vous."

Njiani kurudi nyumbani alisimama katikati ya barabara.

"Ile mambo ya mwanamuke," akaniambia, "namuuliza namna gani mbele ya batu bote bale?"

Hapo ndipo nilipoelewa anachobeba. Ukitoka kwenye nyumba ya Kapata hurudi tena ndani yake. Angekuwa anaiacha ili aende kuishi katikati ya watu ambao watu wake yeye waliwafukuza, na pengine amkute mwanamke mwingine ameshika mwiko. Baba alikuwa anangoja jibu, na mama hakuweza kujibu kabla hajauliza.

Wakati ule nilikuwa natunza kompyuta za ofisi moja ya parokia, iliyokuwa na antena kubwa ya satelaiti uani. Mbuji-Mayi kulikuwa na ofisi kama hiyo, na huko kijana mwenzangu wa fani. Tulikuwa tumetoka tu kuweka ile maktaba pande zote mbili ili barua za ofisi zisisomwe njiani. Nikamwambia mama kwamba Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, yeye na baba wanaweza kuandikiana, huyu anaandika na yule anajibu papo hapo.

"Ni nani alitengeneza ile dawa?" akauliza.

"Batu tu, mama. Bakaitoa bure. Hata namna inatumika bakaiandika yote, kila mutu anaweza kusoma."

"Kila mutu?" Akaweka ungo chini. "Basi ni benchi ileile."

Nikamweleza habari ya kufuli: kila fundi anajua kufuli linavyotengenezwa, lakini bila ufunguo wako hafungui kitu. Lilikuwa kosa. Kampuni ilikuwa imefunga safu nzima ya Kapata makufuli ya namna moja, na ufunguo wa mama wa jirani ulifungua mlango wetu vizuri kuliko wa kwetu. Mama alinikumbusha jambo hilo kwa utulivu ulioniudhi sana.

"Sikia, mama," nikasema. "Kila mara bakianza kusema, mashini mbili zinapatana ufunguo ya mupya. Bakimaliza, zinautupa. Hata mi, mwenye niliiweka, siwezi kusoma."

"Zinautupa kabisa?"

"Kabisa."

"Hata wewe?"

"Hata mi."

"Bon," akasema, akachukua ungo wake.

Jumamosi asubuhi nilifika mapema kutengeneza cheti kipya. Cheti ni maandishi mafupi ambayo mashine huyaonyesha nyenzake kabla ya neno lolote, kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe na si mdanganyifu. Ndani yake kuna saa ambayo kinaanza kufaa. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta yetu ilikuwa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika usiku, saa yake inapotea. Nikairekebisha kama kila mtu wa Kolwezi anavyorekebisha saa, kwa king'ora cha zamu cha kampuni. Kampuni ilikuwa haina tena cha kumlipa mtu, lakini king'ora hakikukosa hata siku moja.

Mama alifika na kitenge chake cha Pasaka. Baba naye alikuwa ameshakaa, kule Mbuji-Mayi. Nikaita. Kwenye kioo cha kompyuta yakaja maneno kwamba upande wa pili umekataa. Nikaita tena, ukakataa tena.

"Anakatala?" mama akauliza.

"Mashini njo inakatala, mama. Baba yeko pale."

Lakini alikuwa ameshachukua mkoba wake. Sura aliyokuwa nayo sikuwahi kuiona kwenye foni hata siku mbaya kabisa. Nikamshika mkono nikamkalisha, nikaanza kupekua, natukana kimoyomoyo kila aliyeandika ile maktaba, hao watu wangu niliokuwa nawasifu. Na wao hawakuwa na kosa. Kompyuta ile ilitoka Kinshasa, na ndani yake iliendelea kuamini kwamba inaishi Kinshasa, wanakokaa nyuma yetu kwa saa nzima. Mimi nilikuwa nimeipa saa ya king'ora cha Kolwezi bila kuiambia kwamba imehama. Ikaandika kwenye cheti saa ya kuanza iliyo saa nzima mbele ya saa ya kweli; kwa hesabu ya Mbuji-Mayi, basi, cheti changu kilikuwa hakijazaliwa. Mbuji-Mayi saa yao ni sawa na yetu, na mashine ya kule ilikuwa inakataa, kwa haki kabisa, kusalimiana na mtu wa baadaye.

Nilicheka mpaka machozi. Ningeweza kutengeneza kingine, lakini nilishaona kwamba mikono yangu ndiyo adui wa siku ile. Nikarekebisha saa, nikamwandikia mwenzangu barua pepe ya kawaida, isiyofichwa, kwamba tungoje tu saa ifike, cheti kitazaliwa.

Tukangoja, tukala karanga. Mama akafungua kilemba, akakifunga upya, akakifungua tena.

"Mama, hatakuona."

"Mi najiona," akasema.

Nilimpenda sana saa ile, na nikamwambia. Akaniambia niache mambo ya wazungu, lakini akanisogezea karanga zilizobaki. Kisha akauliza kama kile cheti kinathibitisha kwamba aliyekaa kule ni baba. Nikakubali kwamba kinathibitisha mashine tu. Akafikiri.

"Basi ntaanza kumuuliza jina ya ule mutoto wetu wa kwanza, mwenye hakuishi. Hakuna mwengine anajua."

Hata mimi nilikuwa sijui kwamba alikuwepo.

Safari hii mashine ya kule haikukataa. Mama akaandika kwa kidole kimoja, akatafuta kila herufi kama anatafuta sindano. Jibu likaja. Alilisoma, akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akaniangalia.

"Toka," akasema.

Nikatoka. Nikakaa uani chini ya ile antena, naomba umeme usikatike, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua baba na mama wanasema nini. Ilikuwa raha ya ajabu, na iliniuma pia. Mlango ulipofunguka, mama alikuwa amelia mpaka kitenge kimelowa kifuani.

"Miaka yote hii," akasema, "alikuwa anawaza mi pia nilitaka aende."

Sikuelewa.

"Pale gare, siku ya treni. Aliniona silii. Bandugu yangu balikuwa pale na bale bavijana benye kufukuza batu, na mi niliwashika ninyi mukono, sikulia. Kama ningelia, bale bavijana bangejua ninyi ni batoto yake, bangewafukuza na ninyi." Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Aliogopa kuniuliza mbele ya batu. Ah, bwana yangu."

Tukasimama pale uani. Nikashindwa kujizuia.

"Na ule mwanamuke, mama? Alisema nini?"

Mama alikuwa ameshaanza kuelekea getini. Akaniangalia kama vile nimeuliza jambo la mtu mwingine.

"Sikumuuliza," akasema. "Ntamuuliza nikifika."