Kompyuta Ilisema Sijafanya Kazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kompyuta ya ofisi ilisema sijafanya kazi hata moja mwaka mzima. Usicheke. Kontra yangu, mkataba wa kazi, ilikuwa inakwisha wiki ile, na mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Tulikuwa tunatengeneza mabomba ya maji mtaani Kinama, na kila kazi iliandikwa ndani ya programu ya mradi. Mkurugenzi wetu, mtu asiyeamini hata kivuli chake, akaandika pale pa kutafuta: mhusika, yaani mwenye kazi, alama ya sawasawa, jina langu. Ikatoka sifuri.

"We Bahati, unakulaka mushahara wa nini?"

Nikachemka. Papo hapo nikamshuku Désiré, shefu wangu wa timu: huyu amenifuta, anataka kumweka ndugu yake. Hata salamu yake sikuitikia. Niliona ananitazama kwa jicho baya, lakini mwenye shaka jicho zuri ataliona wapi?

Mama Imakulata, mkubwa kwa umri kuliko sisi wote pale ofisini, akavuta kiti. "Apana, ngoja kwanza. Mashine inajibu kile umeiuliza." Akaondoa lile sharti la mhusika, akatafuta jina langu popote ndani ya maelezo, kisha akaongeza sharti lingine: Kinama tu. Skrini ikajaa. Chini ya kila kazi nilikuwa nimeandika kwamba imetengenezwa na Bahati. Ila pale pa mhusika, mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, niliweka Désiré kila mara. Ndivyo tulivyolelewa: mdogo hajitangulizi mbele ya mkubwa wake.

Mama akanigeukia mimi, si mkurugenzi. "Heshima ni ya kusalimia, mutoto wangu. Kazi uliifanya we. Na huyu Désiré unamununia juu ya nini?"

Loo, aibu niliyoipata! Kontra niliongezewa, lakini kumtazama Désiré usoni kulinichukua muda.

Chema chajiuza, walisema wahenga. Kwenye kompyuta hakijiuzi, mwanangu. Kazi yako itie jina lako. Na skrini ikikuambia "hakuna", usikimbilie kumshuku mtu. Lishuku kwanza swali lako, punguza sharti moja, utafute tena. Kuuliza si ujinga, ila kuuliza vibaya kunaweza kumnyima mtu ugali.

Mungu akupe kazi ya halali na moyo mweupe. Na yule unayemnunia tangu asubuhi, hebu nenda kamsalimie.