Kengele ya Paskalina

Sisi tuliosoma Babati wakati kengele ya shule ilipokuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini, hatukuhitaji mtu wa kutuhamasisha. Sheria ilikuwa moja: anayefika wa kwanza ndiye anayepiga. Basi! Leo mwanangu ananiuliza, "Mama, nikifaulu utaninunulia simu gani?" Simu gani, sikilizeni! Sisi tulikimbilia kipande cha nondo cha kupigia ringi.

Bingwa wetu alikuwa Paskalina, jirani yangu kule Maisaka. Ameshachota maji, ameshafagia uwanja, na bado ananipita njiani, miguu imelowa umande mpaka magotini. "Tutaonana huko, mvivu!" Baridi ya mwezi wa saba inang'ata masikio, mfukoni nina kiazi cha moto alichonipa mama, namkimbiza wee, simpati. Darasani naye alikuwa hivyo hivyo. Ukimpa hesabu tano, anafanya kumi.

Siku moja walikuja wageni kutoka wilayani. Paskalina alifika wa kwanza kama kawaida, akashika nondo yake. Mwalimu wa zamu akaitazama sare yake iliyochanika begani, akamnyang'anya nondo, akanikabidhi mimi. Baba yangu alikuwa bwana shamba, kwa hiyo nilikuwa na viatu.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyewahi," Paskalina akasema.

"Nyamaza. Leo kuna wageni."

Nami nikapiga. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, tena kwa raha.

Kesho yake nilifika wa kwanza, nikadhani mwenzangu anaumwa. Kumbe alikuwa anakuja, wa mwisho kabisa, anatembea polepole, kiboko anakiona na hakimbii. Muhula ule akashuka, na darasa la saba hakufaulu. Walimu wakasema msichana amekuwa mvivu. Mvivu! Paskalina!

Kwa hiyo ninyi wa rika langu mnaoshinda mkilalamika kwamba vijana hawajitumi, niambieni kwanza ni nani aliyewanyang'anya, na aliwanyang'anya nini.

Siku hizi shule yetu ina kengele ya umeme, inalia yenyewe. Paskalina anauza vitunguu mbele ya geti. Juzi nilisimama kwake.

"Mama Neema, karibu. Za nyumbani?"

Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kuuliza bei. Alipokuwa ananifungia vitunguu, kengele ikalia. Watoto wakaendelea kutembea taratibu, na Paskalina hakugeuka hata kutazama.