Mafuta ya Wiki Mbili

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, hukumbuka asubuhi mama alipojiandaa kumpeleka baba hospitali, Mbeya. Huko ndugu wa mgonjwa walijipikia wenyewe, kwa hiyo alikadiria mafuta ya jiko la utambi.

“Chupa moja siku mbili,” alimwambia bibi, mama yake baba. “Wiki mbili, chupa saba.”

Bibi alimtazama mwanawe aliyekuwa akihema mlangoni. “Beba tatu, mwanangu,” alimwambia mama.

Mama alijaza saba, akaongeza ya nane.

Siku ya tano alirudi peke yake. Baba alizikwa hukohuko. Nilipomuuliza baba atarudi lini, alivua koti la baba alilovaa, akanivisha. Nikazunguka nalo uani, nikicheka.